Kambi ya Tatu

Mama wa mpenzi wangu alizipanga karatasi tatu mezani kama anayegawa mitihani, akazinyoosha kingo kwa kiganja, ndipo akaketi. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita, na ingawa alistaafu zamani, hakuna aliyethubutu kuvuta kiti kabla yake. Mimi nilikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, pale anapokaa mtu anayejua huenda akaambiwa aondoke.

Ilikuwa mara yangu ya pili kuingia sebuleni mle. Mara ya kwanza aliniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu nashona mahema kwenye karakana ya mjomba wangu. Akasema, "Aha, maturubai," kisha akamgeukia mwanawe kumuuliza kama kikohozi kimepona. Tangu siku ile jina langu katika nyumba hiyo likawa "yule wa maturubai." Nililimeza bila maji, kwa sababu nilimpenda mwanawe.

Mwanawe ni nesi, na mimi humwita hivyohivyo, Nesi. Tulikutana siku cherehani iliponichana kidole, nikapelekwa hospitali na kitambaa kimelowa damu, naye akanishona nyuzi nne. Nilimtazama akishona, nikamwambia mshono wake mbovu, nyuzi zinapishana. Alicheka mpaka mkasi ukamdondoka. Wiki iliyofuata alikuja karakana eti kutazama kidonda, na wiki ya pili alikuja wakati kidonda chenyewe kimeshapona.

"Jumamosi ijayo natimiza miaka sabini," mama alianza. "Sitaki ukumbi, sitaki muziki. Nataka nilale usiku mmoja ndani ya hema, wanangu wakiwa karibu yangu. Tangu niolewe sijalala kwenye hema. Kilichobaki ni mahali, na karatasi hizi ni za kambi tatu. Haya, semeni."

Dada yake Nesi hakungoja. Huyu ndiye wifi yangu, ingawa wakati huo mwenyewe hakuwa na habari. Anafanya kazi katika ofisi ya kupanga safari, na anaongea kama mtu aliyekwisha kupakia mizigo yako garini.

"Kambi ya mtoni, Mama. Mahema yao makubwa kama nyumba. Kitanda cha mbao, choo cha kuvuta humohumo ndani, maji ya moto. Ukishuka kitandani unakanyaga zulia."

"Hiyo ni hoteli iliyovaa hema," alisema baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yao, akijipangusa upara. "Kambi ni hii ya barabarani. Gari unaliegesha mlangoni pa hema lako. Umeme upo, uzio upo, mlinzi yupo, na ukumbini kuna televisheni pana kama ukuta. Na Jumamosi hiyo kuna mechi."

"Baba mdogo, ni siku ya Mama au siku ya mechi?"

"Siku ni ndefu, binti yangu. Zote zitaenea."

Wifi akaiinua karatasi ya tatu kwa ncha za vidole. "Na hii ya mlimani sijui imefikaje hapa. Uwanja wa nyasi tu. Choo cha shimo. Maji mnabeba wenyewe. Gari linaishia chini, mnapanda kwa miguu robo saa. Na goti la Mama lile?"

"Imejichanganya tu," baba mdogo akasema.

Mama alikuwa akichezea kalamu yake nyekundu, ile ambayo Nesi aliwahi kuniambia kuwa wao watoto waliiogopa kuliko fimbo. Ghafla akanielekezea mimi.

"Wewe. Wa maturubai. Chagua."

Nesi akafungua mdomo, mama yake akamzuia kwa kiganja.

"Mwanangu ananiambia anataka kuoa," aliendelea. "Mimi simjui huyo anayetaka kumwoa. Basi nimjue. Nikilala vizuri mahali utakapochagua, nitakaa nikusikilize. Nisipolala, msiniletee tena habari hizo, hata mkija na wazee kumi. Unaweza kujibu sasa, au ukafikiri mpaka Jumamosi."

Nilipaswa kufikiri. Badala yake nilimwangalia wifi aliyekuwa ananitabasamia kwa mara ya kwanza, nikaliangalia goti la mama lililofungwa bandeji, nikasema haraka, "Ya mtoni, Mama. Kwa ajili ya kitanda."

"Sawa," mama alisema. Akaifunika kalamu yake. Sijui nieleze vipi, lakini uso wake ulizimika.

Nesi alinisindikiza hadi getini bila kunishika mkono. Nilijua nimeharibu, na mtu aliyeharibu huwa mkali kuliko aliyeharibiwa.

"Sema unalotaka kusema," nilimwambia.

"Kambi ya mtoni unaijua?"

"Kila mtu anaijua."

"Nauliza wewe. Kila mwaka wanaleta mahema karakana kwenu, umenisimulia mwenyewe. Ungelala pale?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu changu.

"Umeona," alisema. "Hukuchagua mahali pa Mama kulala. Umechagua pa kujificha."

"Goti lake je? Nimpandishe mlima mama yako, aanguke, halafu mniambie nimemuua?"

"Goti la mama nalifunga mimi kila asubuhi. Sikukuomba ulitunze. Nilichotaka ni useme ukweli wako mbele yao." Sauti yake ilishuka. "Mimi sikumpenda mtu wa ndiyo-mama. Nilimpenda yule aliyeniambia mshono wangu mbovu huku damu inamtoka."

Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli. Na mimi ulimi wangu haujui kuchomwa ukatulia.

"Basi kachague kambi mwenyewe," nilimjibu. "Na mke kachague mwenyewe."

Niliondoka bila kugeuka. Nilipofika kona nikageuka, na getini hapakuwa na mtu. Nililia njia nzima.

Jumatatu nilifika karakana macho yamevimba. Mjomba alinitazama, akanisogezea rundo la mahema, hakuuliza. Ana hekima yake mjomba: mtu akiwa na huzuni mpe zipu iliyokwama.

Karakana kwetu kuna desturi ambayo sijaiona kwingine. Hema halitiwi sindano kabla ya kuandikiwa kadi. Juu unaandika mahali lilipolala, chini unaandika jeraha. "Bila kujua lilikoumia," mjomba husema, "utaziba tundu, halafu litarudi na tundu lilelile." Kadi zote tangu nilipoanza kazi zimo kwenye makopo matatu juu ya kabati.

Niliyashusha makopo, nikazimwaga kadi sakafuni.

Mtoni: pindo limeoza. Mtoni: ukungu sakafuni. Mtoni: zipu imejaa tope. Mtoni, mtoni, mtoni. Nilihesabu kadi arobaini na moja, na nusu yake zilikuwa kwa mwandiko wangu. Yale mahema makubwa kama nyumba yalikuwa yakiletwa kwetu kila mwisho wa mvua, yamelowa kutokea chini, zulia likinuka kama soksi. Kambi ya barabarani: tundu la cheche, tundu la cheche, kamba imekatwa na gurudumu, tundu la kisigino cha kiatu. Ya mlimani zilikuwa kadi mbili tu kwa miaka sita. Zote mbili zilisema: kitanzi kimeng'oka, upepo.

Yaani nilijua. Mikono yangu ilijua miaka yote. Mama wa watu aliniuliza jambo moja ambalo mimi nalijua kuliko kila mtu mle sebuleni, nami nikamjibu jibu la jirani.

"Mjomba," niliita.

"Naam."

"Jumatano naomba ruhusa. Nataka kwenda kulala chini mahali."

"Chukua kikombe," alisema, wala hakuinua macho kwenye cherehani.

Kikombe ndicho kipimo chetu. Ukifika mahali pa kupiga hema unamwaga maji kikombe kimoja, unatazama yanaelekea wapi na yanakawia kiasi gani. Kisha unalala chali, macho umefumba, bila kitu chini yako, mpaka mgongo ukueleze habari zake. Jumatano saa nne nilikuwa juu ya mlima ule. Kulikuwa na ukingo wa mawe upande upepo unakotokea, na nyuma yake uwanja wa nyasi fupi. Nilimwaga maji. Yakanywewa kabla sijahesabu kumi. Nikavua viatu, nikalala chali, nikafumba macho. Udongo ulikuwa na ujoto wa jua, na hapakuwa na jiwe hata moja.

Nikasikia miguu inakimbia. Kabla sijafumbua macho, mtu alinipigia magoti ubavuni, akanikamata kifundo cha mkono.

"Unanisikia? Usijitikise! Umeanguka?"

Nilifumbua jicho moja. Alikuwa Nesi, jasho linamtoka, viatu vyake vyeupe vya wodini vimegeuka rangi ya udongo.

"Nimelala," nikasema.

"Umelala?"

"Napima."

Alinitazama, akatazama kikombe, akatazama viatu vyangu vilivyopangwa vizuri pembeni. Lakini mkono wangu hakuuachia.

"Mbona mapigo yanaenda mbio hivi?"

"Wewe ndiye umeyashika. Jiulize mwenyewe."

Akaanza kucheka, nami nikacheka, kisha machozi yakanitangulia. Nilikaa kitako nikamwambia yote, makopo, kadi, woga wangu, na lile neno baya la getini ambalo nilitamani kulirudisha mdomoni kabla halijafika chini. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Na wewe huku umefuata nini?" nilimuuliza nilipomaliza.

Alitoa mfukoni daftari dogo la wodini. "Nilijua utabadilisha mawazo. Nimehesabu hatua. Mia tisa na kumi na mbili toka gari linapoishia. Mawe ya kukalia yako manne, yote usawa wa kiti. Akipumzika kila jiwe, goti litafika."

"Ulijuaje nitabadilisha?"

"Fundi," alisema, kwa sauti ile anayoitumia kwa wagonjwa wakaidi, "wewe huwezi kuona mshono mbovu ukaenda kulala."

Nilimpenda pale upya, tena vibaya zaidi. Alinivalisha viatu mguu mmoja mmoja, kamba akazifunga kwa fundo la bandeji, tukashuka mlima tumeshikana mikono tukihesabu hatua kwa sauti. Tulipata mia tisa na thelathini. Yeye anadai mimi ni mfupi.

Alhamisi na Ijumaa nilishona. Nilitengeneza hema jipya la mtu mmoja, vitanzi vya pembeni nikavishona mara nne kwa uzi wa nta, mlango nikaupandisha ili mwenye goti bovu aingie bila kuinama. Jioni, akitoka zamu, Nesi alikuja kunishikia kitambaa. Mjomba alimwachia cherehani ajaribu pindo moja, kisha akalifumua bila kusema neno.

Jumamosi saa mbili unusu niliingia sebuleni na hema begani na kopo la kadi mkononi. Magari yalikuwa yamepakiwa. Wifi alikuwa mlangoni na funguo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umebeba mzigo? Mtoni si wana mahema yao?"

"Nimekuja kubadilisha jibu, Mama."

Wifi aliruka. "Kubadilisha nini? Nafasi nimeshaziweka! Meneja pale ni rafiki yangu!"

"Mwache aseme," mama alisema.

Niliweka kopo mezani, nikatoa kadi, nikazipanga mbele yake mafungu matatu kama yeye alivyopanga karatasi. Fungu la mtoni lilianguka kwa wingi wake. Nilimweleza kila kadi ni nini. Nilimweleza kitanda cha mtoni ni kizuri ila miguu yake inasimama majini. Nilimweleza cheche na magurudumu. Nilimweleza kadi mbili za mlimani, upepo, ukingo wa mawe, kikombe cha maji. Nesi akasoma hatua zake na mawe yake manne.

Mama alisoma kadi moja moja, muda mrefu, miwani puani.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo Jumamosi iliyopita ulikuwa unayajua haya yote."

"Niliyajua."

"Sasa kwa nini ulinijibu mtoni?"

Ningeweza kutafuta maneno mazuri. Nilichoka nayo.

"Nilikuogopa, Mama. Nilitaka unipende, nikajibu nilichodhani unataka. Na nikikudanganya leo kwa kitanda, kesho nitakudanganya kwa mwanao. Kwa hiyo nasema mlimani. Ukikosa usingizi, nitakuwa nimekosa kwa jibu langu mwenyewe."

Baba mdogo alikohoa, akataka kuuliza kama mlimani kuna umeme, akajizuia.

"Ila jamani," wifi akasema, sasa kwa upole kidogo, "hiyo karatasi ya mlimani hata nani aliichanganya na hizi zetu?"

"Mimi," mama alisema.

Sote tukamgeukia.

"Nikiwa na miaka ishirini na miwili niliwapandisha wanafunzi wangu thelathini mlima ule. Tulilala chini, tukaimba mpaka sauti zikatukauka. Nyinyi mnaniona goti tu siku hizi. Nilitaka nijue kama yupo atakayeniona mimi." Akainuka, akachukua fimbo yake ya kutembelea. "Ghairi nafasi zako, binti yangu. Na wewe baba mdogo, beba maji."

Alipanda hatua zote. Alikaa kwenye mawe matatu, la nne akalipita kwa makusudi, akitukodolea macho. Juu alisimama akatazama bonde, akaanza wimbo fulani wa shuleni, na baba mdogo, aliyekuwa ananung'unikia mechi yake, akaujua ubeti wa pili.

Usiku mvua ilinyesha, mvua ya kweli, na upepo nyuma yake. Nililala na wifi katika hema moja kati ya yale tuliyopitia kuyaazima karakana, nikasikiliza kila tone, nikivihesabu vitanzi vyangu kichwani. Karibu na alfajiri ikakatika.

Asubuhi tulikuwa tumekaa nje, chai mikononi. Saa kumi na mbili, hema la mama kimya. Saa moja, kimya. Wifi akaanza kuzunguka.

"Mama hajawahi kulala kupita saa kumi na mbili. Maisha yake yote. Ataona jua kitandani, Mama? Kuna kitu!"

Nesi akainuka, uso wa kazini umemvaa. Nilimshika shati. "Sikiliza," nikamwambia.

Tukasikiliza. Kutoka ndani ya hema ilitoka sauti nzito, ya taratibu, inayopanda na kushuka. Mwalimu mkuu alikuwa anakoroma.

Baba mdogo alijiziba mdomo kwa kofia. Wifi alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanipigapiga goti, akasema, "Wifi, umetuweza." Lilimtoka hivyo tu, wifi, wala hakulirudisha.

Saa mbili na nusu zipu ilifunguka. Mama alitoka wima, bila kuinama, nywele zimelala upande mmoja. Alitazama jua lilipofika, akatutazama sisi.

"Nani kaniacha nilale mpaka saa hizi?"

Alilizunguka hema polepole. Alipapasa pindo, lilikuwa kavu. Alivuta kitanzi kimoja, akavuta cha pili kwa nguvu zote, akainama mpaka miwani ikagusa uzi.

"Hazipishani," alisema.

"Hazipishani nini, Mama?" Nesi akamuuliza.

"Nyuzi. Hadithi yenu ya hospitali umenisimulia mara mia." Akanyoosha mkono. "Kadi yake iko wapi?"

Nilimpa ile kadi niliyoifunga mlangoni kwa mazoea, tupu. Akatoa mfukoni mwa sweta kalamu nyekundu. Juu akaandika mlimani. Chini, penye jeraha, akaandika hakuna, na pembeni akaweka alama ya vema, kubwa, ya mkono wa mwalimu. Kisha akanirudishia kadi na kunishika bega.

"Mkwe wangu," aliniita, mbele yao wote. "Mjomba wako Jumapili ijayo asiende popote. Mwambie nakuja mimi mwenyewe, na hawa wanangu nyuma yangu. Nakuja kumwomba fundi wake."

Nesi alitoa ukelele uliofika bondeni na kurudi. Aliniinua juu, kikombe changu cha chai kikaruka, chai ikamwagika kwenye nyasi. Ardhi ikainywa yote, na mama akamwambia anishushe taratibu, asije akamvunjia mkwe.